Kubadilisha oili ya difu kwenye pikapu inayofanya kazi pwani ya Tanga

Pikapu inayobeba samaki alfajiri kutoka Kigombe, mchana ikapakia machungwa Muheza, kwa kawaida hubadilishiwa oili ya injini bila kusahaulika, kwa sababu kuna taa kwenye dashibodi na kuna stika ya gereji kwenye kioo. Difu, yaani sanduku la gia linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, haina taa wala kijiti cha kupimia. Imekaa katikati ya ekseli ya nyuma, karibu na maji, matope na mchanga kuliko karibu kila kitu kingine kwenye gari, na mwenye gari huikumbuka siku inapoanza kulia. Hapo amechelewa. Meno ya krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu zinazokutana, yakishakwanguka hayarudi kwa oili mpya, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kazi yenyewe ni ya saa moja, na mtu mwangalifu anaweza kuifanya uani kwake. Ila kwa magari ya pwani, kubadilisha oili ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kipumulio, kile kifuniko kidogo juu ya ekseli ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa. Ukibadilisha oili ukakiacha kipumulio kimeziba kwa chumvi na tope, oili mpya itaingia maji kama ile ya zamani.

Kwa gari linalotembea lami na mzigo wa kawaida, kila kilomita 40,000 inatosha. Kwa pikapu inayopandisha Lushoto kutoka Mombo ikiwa imejaa, inayovuta tela, au inayoshinda mashambani kwenye vumbi, kilomita 20,000 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Gari lililoingia maji ya bahari au mto hadi usawa wa ekseli halisubiri kilomita. Lifungulie kizibo cha difu siku hiyohiyo au kesho yake uangalie. Na kama huna hesabu yoyote ya kufuata, fanya kazi hii mara moja kila masika inapokwisha.

Oili gani

Soma kopo, usisome rangi yake. Unatafuta maandishi mawili: API GL-5, ambalo ni daraja la oili ya gia, na SAE 90 au 85W-90, ambao ni uzito wake. Kwa pikapu nyingi zilizoko Tanga hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye difu ya nyuma, lakini kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu.

Sababu ya kutaka GL-5 ni namna meno ya difu yanavyokutana. Pinioni haiko katikati ya krauni, imeshushwa chini kidogo, hivyo jino halibonyezi tu jino lenzake, linateleza juu yake likiwa na uzito wote wa gari na mzigo. Oili ya kawaida hubanwa ikatoka katikati na chuma kikagusana na chuma. GL-5 ina dawa za salfa na fosforasi ambazo, meno yanapopata joto la msuguano, hutengeneza utando mwembamba juu ya chuma. Ndiyo maana inanuka kama mayai viza hata ikiwa mpya kabisa. Harufu hiyo si dalili ya kuungua wala ya kuchakachuliwa.

Dawa hizohizo ndizo zinazoifanya isifae kumiminwa kwenye giaboksi ya mkono bila kuuliza, kwa sababu zinaweza kula ringi za shaba za sinkromeshi, zile zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini. Giaboksi nyingi zinataka GL-4. Kwa hiyo kopo lililobaki la difu lisiwe "la kuongezea" giaboksi.

Kuna wanaoweka oili ya injini kwa hoja kwamba 40 na 90 ni tofauti ya uzito tu. Namba hizo ni za vipimo viwili tofauti. Oili ya gia namba 90, kwa uzito, inakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Kinachokosekana kwenye oili ya injini si uzito, ni ile dawa inayolinda meno. Wengine huweka 140 kwenye difu inayolia ili ipunguze kelele. Kelele hupungua kweli, na beringi iliyokufa inaendelea kufa bila kusikika, mpaka itakapovunjika na mzigo juu.

Kama difu ni ya aina inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake, yaani LSD, inataka oili iliyoandikwa LSD kwenye kopo. Angalia kwanza kama kuna kibati chenye herufi hizo karibu na kizibo. Kama hakipo, zuia magurudumu ya mbele kwa kabari, inua magurudumu yote mawili ya nyuma yakae kwenye stendi, shusha hendibreki, tia gia injini ikiwa imezimwa, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likigoma kabisa kuzunguka, ichukulie kuwa ni LSD mpaka uthibitishe.

Kiasi: Hilux nyingi za zamani huchukua kama lita 2.2 kwenye difu ya nyuma, na pikapu zenye difu kubwa hufika lita 3 na kupita. Nunua lita moja zaidi ya unayohitaji, kwa sababu utamwaga kidogo na pengine utasuuza. Chagua kopo ambalo pete ya kizibo chake haijakatika.

Vifaa

Spana ya boksi inayoingia barabara kwenye kizibo. Kwenye Hilux nyingi ni namba 24, na iwe ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, kwa sababu vizibo vya pwani vina kutu na ya pembe kumi na mbili itavila kona. Baadhi ya pikapu zina kizibo chenye tundu la mraba au la alenki (pembe sita), kwa hiyo chungulia kabla ya kwenda dukani. Uwe pia na mpini mrefu, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, beseni la lita 5, matambara, washa mbili mpya za vizibo, na pampu ya mkono ya kusukumia oili. Usipopata pampu, mpira mwangavu wa mita moja na nusu wenye funeli juu unatosha, mradi mtu mmoja ashike funeli kwenye bodi na mwingine awe chini.

Washa zikikosekana na za zamani ni za shaba, zichome moto hadi ziwe nyekundu, ziache zipoe, zisugue kwa msasa laini. Shaba iliyochomwa hivyo hulainika tena na kuziba vizuri. Za aluminiamu usizichome, zitayeyuka.

Kuweka gari

Endesha dakika kumi hadi kumi na tano oili ipate uvuguvugu, itoke upesi na itoke na uchafu wake. Kisha egesha mahali palipo sawa. Hili la usawa lina uzito, kwa sababu tundu la kujazia ndilo kipimo cha oili. Ukiinua nyuma tu kwa jeki, ekseli inalala mbele na kipimo kinadanganya.

Pikapu nyingi za four-wheel ziko juu kiasi kwamba mtu anaingia chini bila kuziinua, na hivyo ndivyo bora. Ikibidi kuinua, inua mbele na nyuma kwa kimo kimoja, kila upande juu ya stendi. Kwenye mchanga weka ubao mpana chini ya kila stendi, kwa sababu mchanga wa pwani unaonekana mgumu mpaka uzito ukae juu yake. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Na usitegemee gia kulizuia gari: ukiinua tairi moja ya nyuma, difu yenyewe inaruhusu tairi hiyo izunguke ili nyingine, iliyoko chini, iweze kubiringika. Hendibreki na kabari ndivyo vinavyolishika gari.

Fungua kizibo cha kujazia kwanza

Kati ya vizibo viwili, kile kilicho juu, karibu na usawa wa kati wa difu, ni cha kujazia. Cha chini kabisa ni cha kumwagia. Anza na cha juu. Ukimwaga oili yote halafu ukagundua kwamba cha juu kimegoma, gari halina oili, huna pa kuitia, na huwezi hata kuliendesha kwenda kwa fundi.

Kabla ya kuweka spana, sugua kuzunguka kizibo kwa brashi ya waya na ufute. Mchanga ulioganda hapo ndio utakaoingia ndani ukifungua. Kizibo kikigoma, nyunyizia mafuta ya kutu, kigonge kichwani mara kadhaa kwa nyundo ndogo, subiri nusu saa. Kisha jaribu kukikaza kidogo kabla ya kukilegeza. Mara nyingi ule mguso wa kukaza ndio unaovunja kutu. Spana ikianza kuteleza, simama hapohapo. Kona zikishaliwa, kazi inayofuata ni ya kuchomelea nati juu ya kizibo, na hiyo ni ya gereji.

Kumwaga, na kusoma kilichotoka

Weka beseni, legeza kizibo cha chini, na kimalizie kwa vidole huku ukikisukumia ndani mpaka uzi wote utoke, kisha kivute upesi pembeni. Iache ichuruzike dakika kumi na tano. Iliyokuwa kwenye mirija ya ekseli inachelewa kufika.

Sasa tazama. Oili iliyotumika vizuri ina rangi ya kahawa iliyokolea na bado inaangaza pembeni ya beseni. Nyeusi kama lami na yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa kupungua au kwa mzigo mkubwa kwenye milima. Ikiwa kama chai ya maziwa, ina maji. Wakati mwingine maji hutangulia yenyewe, tone au mtiririko mfupi usio na rangi, kisha oili ikafuata. Hiyo ina maana gari limesimama siku kadhaa na maji yametuama chini, yakitia chuma kutu.

Kizibo cha chini cha magari mengi kina sumaku. Futa kilichonata kwa kidole gumba na ukisage kati ya vidole. Rojo laini la rangi ya wanja, lisilokwaruza, ni uchakavu wa kawaida, na tabaka la milimita mbili au tatu baada ya kilomita nyingi si la kutisha. Ukihisi chembe zinazochoma ngozi, beringi au meno yameanza kumeguka. Kipande kinachoonekana kwa macho, chenye ubavu mmoja unaong'aa na mwingine wenye chenga kama za sukari, ni jino lililovunjika. Hapo acha kufikiria oili. Difu ifunguliwe, maana kile kipande kilichobaki ndani kitapita kati ya krauni na pinioni.

Usisuuze difu kwa dizeli, petroli wala mafuta ya taa. Ni mazoea ya gereji nyingi na yanaonekana kusafisha, lakini sehemu ya dizeli hubaki kwenye mirija ya ekseli ambako haimwagiki, kisha huchanganyika na oili mpya na kuifanya nyepesi. Kama oili iliyotoka ina rangi ya chai ya maziwa, suuza kwa oili ya difu yenyewe: funga cha chini, tia lita moja na nusu, endesha polepole mita mia chache, mwaga tena.

Kipumulio

Difu ikifanya kazi inapata joto na hewa ya ndani inatanuka. Kipumulio kinaitoa. Kikiziba, msukumo unatafuta njia nyingine na kuipata kwenye sili za ekseli (mipira inayozuia oili isivuje), na oili inaingia kwenye ngoma za breki. Kinyume chake ndicho kinachoua difu za pwani. Ekseli ya moto ikiingia ghafla kwenye maji ya bahari, kwa mfano pikapu inaporudi nyuma kupokea samaki au kuvuta boti, hewa ya ndani inapoa na kujikunja kwa sekunde chache, na difu inanyonya. Kama kipumulio ni kizima na kiko juu ya maji, inanyonya hewa. Kama kimeziba, inanyonya maji ya chumvi kupitia sili. Kama ni kizima lakini kimezama, inanyonya maji kupitia kipumulio chenyewe.

Kitafute juu ya mrija wa ekseli, mara nyingi upande mmoja wa difu. Kwenye baadhi ya magari ni kifuniko kidogo cha chuma, kwenye mengine ni mpira uliopanda kuelekea shasi. Kifuniko kizima huzunguka kwa vidole na kuinuka kidogo. Kilichoshikana, kilegeze kwa mafuta ya kutu, kitoe kwa spana, kiloweke kwenye petroli, kisha kipulize kwa mdomo ukishakifuta. Kikigoma, nunua kipya, ni spea ya bei ndogo.

Kwa gari linaloingia maji mara kwa mara, toa kifuniko, weka nipeli ya kuunganishia mpira yenye uzi uleule, na pandisha mpira wa mafuta hadi nyuma ya taa ya nyuma au juu ya shasi chini ya bodi. Acha ulegevu wa kutosha ekseli inapopanda na kushuka kwenye springi, funga kwa vibano visivyoubana mpira, na ncha ya juu ielekezwe chini, ifunikwe kwa chujio dogo la mafuta. Hii ndiyo fedha inayorudi haraka kuliko zote kwenye kazi hii. Na hata ukiwa nayo, gari likifika ufukweni liache lipoe robo saa kabla ya kulitia majini, na likitoka lioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kujaza

Futa uzi wa kizibo cha chini, weka washa mpya, kaza. Kwa Hilux nyingi kipimo cha kukaza ni kama Nm (nyutonimita) 49. Kwa asiye na spana ya kupimia, hiyo ni sawa na kuvuta mpini wa sentimita 30 kwa nguvu ya kuinua kama kilo 17. Usirukie mpini kwa mguu. Nyumba ya difu ni ngumu, lakini uzi unaweza kung'oka.

Sukuma oili kupitia tundu la juu mpaka ianze kutoka yenyewe. Hapo usifunge. Subiri dakika kumi, kwa sababu inaendelea kusambaa kwenye mirija ya ekseli, kisha ongeza. Kipimo sahihi ni oili kufika kwenye mdomo wa chini wa tundu au chini yake kwa milimita zisizozidi 5. Ingiza kidole, kikunje kuelekea chini, ncha yake ilowe. Ikiwa inamwagika, iache ichuruzike mpaka ibaki kutona.

Kujaza kupita kipimo kwa imani kwamba nyingi ni bora kunapeleka oili kwenye sili na breki. Kupungua nako kunaanza kuua beringi za pinioni, kwa sababu hutegemea oili inayorushwa na krauni.

Funga cha juu kwa washa mpya na kipimo kilekile, futa kila kitu kikauke ili uvujaji uonekane. Oili ya zamani itie kwenye dumu, ipeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Ikimwagwa mtaroni, mvua moja inaifikisha baharini.

Kujaribu

Endesha kilomita kumi hivi kwenye barabara tulivu na usikilize. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, au kinyume chake, ni wa krauni na pinioni. Unaosikika ukikata kona tu ni wa gia ndogo za ndani. Mvumo unaofuata mwendo wa gari bila kujali mafuta kwa kawaida ni beringi ya gurudumu. Oili mpya haitaondoa hata mmoja kati ya hiyo.

Asubuhi yake chungulia chini: vizibo viwili, sehemu propela shafti inapoingia kwenye difu, na upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Mchirizi kwenye gurudumu ni sili ya ekseli, na gari hilo lisibebe mzigo mpaka ngoma ifunguliwe, kwa sababu breki za upande huo huenda zimelowa.

Kama oili uliyomwaga ilikuwa ya rangi ya maziwa, endesha kilomita 50 hadi 100, fungua kizibo cha juu na uchovye kijiti. Oili ikiwa bado na ukungu, mwaga na utie nyingine. Ikiendelea kugeuka nyeupe baada ya hapo na kipumulio ni safi, maji yanaingia kwa sili, na sili ndiyo ya kununua sasa.

Pikapu ya four-wheel ina difu ya pili mbele na giaboksi ndogo ya kugawa nguvu katikati. Difu ya mbele hufuata utaratibu huuhuu, ila kiasi na ukazaji wa vizibo vyake huwa tofauti, na mara nyingi vizibo ni vya alenki. Vina mdomo laini, visafishe tundu kabla ya kuingiza ufunguo. Giaboksi ya katikati ina oili yake, isome kwenye kitabu cha gari. Lililoingia maji nyuma liliingia na mbele, kwa hiyo zifungue zote siku moja, kisha andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa dereva.